Subira Yavuta Kushoto

Jumamosi, 1 Mei 1971

Sikukuu ya Wafanyakazi. Nami nimefanya kazi: nimeangusha uzio wa Kinyanjui.

Si mimi hasa. Ni Subira. Subira ni Landrova yangu, zee kuliko Uhuru, niliyouziwa na mlowezi mmoja wa Limuru alipokuwa akifunga virago. Wahenga walisema subira yavuta heri. Yangu yavuta kushoto. Ukizungusha usukani, kwanza unazunguka bure, kama mtoto aliyeitwa akajifanya hajasikia. Halafu matairi yanakumbuka yote kwa pamoja, na mbele yako kuna uzio.

Kinyanjui hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Jirani huyu anafuga kuku, na kila akiliona gari langu macho yake huenda nyuma, pale penye turubai. Leo alipima kwa mikono kabisa. Kisha akasema kwa upole wa kuudhi, "Hii ukitoa viti, kuku zangu zitalala vizuri sana." Nikamwambia Subira alizaliwa apande milima, si atagiwe mayai. Akajibu kwamba mlima alioupanda mpaka leo ni boriti zake tu.

Jioni mambo yakazidi. Alifika shemeji Isaiah, kaka yake Namalwa mke wangu, na gari lake, Anglia, lililong'arishwa mpaka linatia kinyaa. Habari: mama yao anakuja kwa treni Jumamosi ya tarehe 15, kumwona mjukuu wake Selpher kwa mara ya kwanza. Yaani mama mkwe wangu. Jina lake silitaji hata humu. Kwetu mkwe hatajwi jina, haangaliwi usoni, hapewi mkono wala hasemeshwi ana kwa ana, mpaka siku mkwe mwanamume atakapotoa zawadi ya kuondoa haya. Mimi sijaitoa. Nilikuwa natengeneza gari.

Isaiah akasema atampokea yeye stesheni, kwa kuwa mwana anaruhusiwa kumtazama mama yake. Nikasema mama mkwe wangu atapanda gari langu. Ilinitoka tu. Lakini neno likishanitoka huwa silirudishi.

Namalwa alikuwa akimnyonyesha mtoto. Akasema sawa. Subira akimtoa mama stesheni mpaka hapa Waithaka bila kuacha njia, abaki. Akiacha njia, anakwenda kwa Kinyanjui, na kuku waingie siku hiyo hiyo. Kanisani kwetu, Kanisa la Marafiki, hatuapi. Namalwa akisema, imetosha.

Sijaogopa. Mimi ni karani wa kutunza ramani. Kaskazini na kusini za nchi nzima zimo makabatini mwangu. Nishindwe na usukani?

Jumatatu, 3 Mei

Saa ya chakula nimeshuka kwa Balwant Singh, fundi mwenye gereji katika uchochoro nyuma ya River Road. Nilimweleza ugonjwa wa Subira. Alinisikiliza mpaka chai yake ikaisha, kisha akasema, "Wewe Zedekiah, weka bol-joint mpya, kaza boksi ya stelingi, enda nyumbani. Gari itaenda sawa."

Kukaza! Mtu anakuja na ndoto, anaambiwa akaze. Pasaka nilisimama kando ya barabara nikaona magari ya Safari Rali yakipita, matope mpaka paani, na hakuna hata moja lililokuwa na kipande cha uzio kwenye bampa. Yale hayakukazwa. Yaliboreshwa.

Nikamwambia sitaki kurekebisha, nataka kuboresha. Fimbo nene. Mkono mpya. (Kwa faida ya wajukuu watakaosoma haya: usukani husukuma fimbo, fimbo husukuma mkono wa chuma, mkono husukuma fimbo nyingine, na hiyo ndiyo hugeuza matairi. Neno hupita kwa wengi kabla ya kufika, kama kati ya wakwe.)

Kwenye rundo lake la vyuma chakavu nikaona seti ya lori la jeshi. Fimbo nene kuliko kifundo cha mkono wangu. Nilizipenda papo hapo. Balwant akasema hizo ni za lori, "na hiyo mkono yake inaangalia nyuma, bwana." Nikamjibu kwamba mbele na nyuma hutegemea mtu amesimama wapi. Akanitazama sana. Akasema basi nilete gari azifunge yeye. Nikakataa. Fundi akishafunga, sifa zote huwa zake.

Nimezibeba kwenye basi mpaka nyumbani. Ziliwagusa watu kadhaa, na mmoja alishuka kabla ya kituo chake.

Jumamosi, 8 Mei

Imekamilika. Vidole vimechubuka, moyo umenona.

Fimbo za zamani zilitoka kwa nyundo na maombi. Mpya zikaingia vizuri, isipokuwa ile ndefu, iliyokuwa ikigonga springi. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi niliupindua mkono wa chuma uangalie upande wa pili. Basi! Fimbo ikapita bila kugusa kitu, kana kwamba Mungu mwenyewe alikuwa ameipima. Nikaupapasa usukani. Haulegei hata kidogo. Gari la waziri.

Majaribio. Uzio wa Kinyanjui, ambao alikuwa ameusimamisha upya, uko kushoto tukitoka langoni. Nikazungusha kulia ili niukwepe. Subira akaenda kushoto. Mara moja, bila kusita. Nikazungusha kulia zaidi. Akazidi kushoto.

Uzio.

Nilibaki nimeketi humo ndani, boriti moja ikiwa juu ya boneti, nikafikiri. Mwingine angelia. Mimi nikaona jambo ambalo wote waliokuja kutazama hawakuliona. Zamani Subira hakuwa akisikia. Sasa anasikia kila kitu, ila anafanya kinyume. Hilo si kosa la usukani. Hiyo ni tabia, na tabia huzoewa. Nimeoa, najua.

Namalwa akauliza kwa nini nisiupindue mkono urudi ulivyokuwa. Nikamweleza kwamba fimbo itagonga springi. Akauliza kwa nini basi nisimpelekee Balwant. Nikatoka nje kumsaidia Kinyanjui kuchimba mashimo ya boriti, kwa kuwa huko angalau hakuna maswali. Kulikuwa na maswali.

Jumapili, 9 Mei

Baada ya ibada nimefanya mazoezi katika uwanja wa mpira nyuma ya kanisa. Siri ni hii: unakotaka kwenda, usielekee. Ukitaka kulia, fikiria kushoto kwa moyo wako wote. Mwanzoni niliangusha goli moja. Kufikia jioni nilikuwa napita kati ya milingoti ya lile lililobaki, mbele na nyuma, wazee wa kanisa wakitazama kimya. Nadhani ni heshima.

Isaiah naye akaomba ajaribu. Nikampa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtaro, suti ya Jumapili na kila kitu. Alipotoka alisema gari limelaaniwa, na akaniomba, kwa sauti ya chini kabisa, nimwachie mama yake aje na Anglia. Karibu nimhurumie. Kisha nikakumbuka kwamba katika miaka yote hii sijawahi kufanya jambo mbele ya familia hiyo wakasema vyema. Kwenye mahari walisema ng'ombe wamekonda. Kwenye harusi walisema viatu vyangu vinalia. Safari hii watasema vyema.

Nikamwambia aje stesheni akitaka, atufuate nyuma na mizigo.

Jumanne, 11 Mei

Nimekwenda kazini na Subira! Ngong Road yote, mjini mpaka mlangoni pa ofisi, na kurudi. Polisi mmoja alinyoosha mkono nisimame, nami nikampungia. Hakika nimefuzu. Mikono sasa inafanya kinyume yenyewe, bila kuniuliza.

Jambo dogo tu. Jioni niliazima baiskeli ya Joash, mweka hazina wa kanisa, nikanunue mafuta ya taa. Nikaingia katika sukumawiki za watu. Nikaondoka humo nikaingia katika sukumawiki za upande wa pili. Nimemrudishia Joash baiskeli yake na kumshauri aipeleke kwa fundi, maana usukani wake una kasoro.

Alhamisi, 13 Mei

Tatizo la haya nimelitatua. Landrova ina mabenchi nyuma. Mama Mkwe ataketi huko. Kati yake na mimi nimetundika shuka zito la bluu. Na kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nimekifungua nikakitia katika droo ya kabati.

Namalwa akauliza nitayaonaje yaliyo nyuma yangu. Nikamwambia yaliyo nyuma yangu ni mama yake, na ndiyo maana. Akasema kuna na malori. Nikasema malori yananiona. Tumeelewana kwamba yeye ataketi mbele na mtoto, na kila neno la mama litapitia kwake, na langu vilevile. Ndivyo adabu inavyotaka.

Nimejaribu shuka usiku huu. Huoni kitu.

Ijumaa, 14 Mei

Mvua. Barabara ya Waithaka imekuwa uji, na treni inaingia asubuhi mapema. Kwa hiyo nimemwacha Subira mjini, katika yadi ya Balwant, na ufunguo nimempa mlinzi wake Mwololo endapo watataka kusogeza magari. Balwant hakuwapo. Sikusikitika.

Mimi nimelala lojing'i ya River Road. Chumba kina kitanda, ndoo na jirani anayekohoa. Namalwa atakuja na basi la kwanza, tukutane stesheni.

Nimeoga. Viatu vimepakwa rangi, na havilii. Ninaona kesho ilivyo: Mama Mkwe anashuka Waithaka, hajatikisika hata kidogo, Namalwa anasema neno lake lile moja, "Abaki," na Kinyanjui anarudi ndani na kuku wake. Sitaki zaidi ya hapo duniani. Nasema kweli.

Jumamosi, 15 Mei

Niandike polepole, maana viwiko vinaniuma.

Mwololo alinipa ufunguo asubuhi akasema, "Mzee anasema gari yako iko sawa sasa." Nikamwambia lilikuwa sawa hata jana. Nikawasha. Lango la yadi liko kulia, basi nikazungusha kushoto, kama nilivyofuzu. Subira akaenda kushoto.

Nguzo ya lango la Balwant ni ya chuma. Bampa langu sasa lina umbo lake.

Ndipo Mwololo akanieleza, naye amejishika mdomo. Jana jioni Balwant alitaka kumsogeza Subira apishe lori. Alizungusha kulia, akaingia katika rundo lake mwenyewe la matairi. Akashuka, akafungua boneti, akasema maneno ya Kipunjabi kwa muda. Kisha akaweka vipande vya chuma chini ya springi, akaupindua mkono ukaangalia panapotakiwa, akakaza kila kitu, na hakutaka hata ahsante.

Ahsante! Juma zima najifundisha, na jioni moja mtu ananirudisha darasa la kwanza. Nilitaka kuingia chini ya gari niupindue tena papo hapo, lakini treni ilikuwa inalia. Nikafikiri haraka. Gari limegeuzwa, mikono yangu haijageuzwa. Basi nitageuza mikono. Nikaikunja kifuani: wa kulia ukashika usukani upande wa kushoto, wa kushoto upande wa kulia. Mkono wa kulia ukivuta chini, gari linakwenda kushoto, kama ulivyozoea! Nilifika stesheni bila kugusa kitu. Nani mwingine angelifikiria hilo?

Stesheni nilisimama nyuma ya nguzo, macho chini, kofia usoni. Nilichokiona cha Mama Mkwe ni raba nyeupe zilizosuguliwa kwa chaki na miguu ya kuku aliyemshika mkononi. Namalwa akaniletea salamu zake, nami nikarudisha zangu. Akapanda nyuma ya shuka. Isaiah, tai shingoni, akapakia ndizi na magunia katika Anglia na kutufuata.

Haile Selassie Avenue imenyooka, nasi tukanyooka nayo. Nilimsikia Namalwa akivuta pumzi. Aliniangalia mikono, akaniangalia usoni, akaamua kumtazama mtoto.

Kisha kibao cha Uhuru Highway, na ule mzunguko wake, raundabauti.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mikono iliyokunjwa ina mwisho wake. Mzunguko unataka uzungushe usukani, kisha uzungushe zaidi. Nilipozungusha zaidi, kiwiko kikaingia chini ya kiwiko, na mimi mzima nikajifunga kama mzigo wa kuni. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Usukani ukabaki kulia. Subira, kwa utiifu wote niliompa, akaanza kuuzunguka mzunguko. Akaendelea kuuzunguka.

Sauti ikatoka nyuma ya shuka, kwa upole, ikimwendea Namalwa. Namalwa akanigeukia. "Baba Selpher, mama anauliza kwa nini lile jengo limerudi." Nikasema amwambie Nairobi majengo mengi yanafanana. Akamwambia. Wakati jibu linafika, jengo likarudi tena.

Sauti ikasema mwenye gari aombwe aachie mikono. Namalwa akaniomba. Nikasema amweleze mama kwamba huu ni utaratibu wa gari lililoboreshwa. Akamweleza. Mama akasema ameelewa, ila kuku wake ameanza kutapika. Namalwa akaniletea na hilo.

Nyuma yetu Isaiah alikuwa anazunguka pia. Amenieleza baadaye kwamba aliambiwa afuate, akafuata. Nyuma yake likaja lori, na nyuma ya lori gari la harusi lenye riboni, ambalo sijui lilidhani nini. Polisi pembeni alitupigia saluti. Tulizunguka mara ngapi sikuhesabu. Isaiah amehesabu, nami sikubaliani naye.

Ndipo tairi la mbele likaanza kuparamia maua ya Baraza la Jiji pale katikati. Namalwa akamkumbatia Selpher akapiga kelele. Mbele yangu kulikuwa na mti. Hapakuwa tena na muda wa neno kupita kwa mtu.

"Zedekiah! Achia!"

Jina langu. Kutoka kinywani mwa mama mkwe wangu, moja kwa moja, bila mjumbe. Sijawahi kushtuka vile. Mikono ikafunguka yenyewe, ikaruka juu kama ya mtu aliyekamatwa. Na Subira, hakuna aliyemshika, akajinyoosha polepole, akashuka kutoka kwenye maua, akatoka kwenye mzunguko na kuifuata njia ya Ngong Road kana kwamba ameipitia maisha yake yote.

Nikafunga breki pembeni. Nikageuka. Nilisahau kabisa, nikageuka. Shuka lilikuwa limeanguka.

Nikamwona. Mwanamke mdogo, kitambaa kimeteleza kichwani, kuku kapakatwa, machozi yanamtiririka. Nikadhani nimemuua kwa hofu. Kumbe alikuwa anacheka. Anacheka bila sauti, ameshika mbavu, na uso wake ni uso wa Namalwa wenye mikunjo zaidi. Niliona haya mpaka nyayoni. Pia nilifurahi, sijui kwa nini. Kisha tukakumbuka sote wawili, yeye akajifunika shuka na mimi kofia, tukakaa hivyo tumejifunika mpaka Isaiah akaja kugonga dirisha kuuliza kama tumemaliza.

Kutoka pale niliendesha mikono ikiwa wazi, kwa mwendo wa ng'ombe. Tukafika.

Kinyanjui alikuwa langoni, kuku wamo tayari katika matenga. Amepata wapi habari? Namalwa akashuka, akasimama, hakunitazama. Nikasema maua ya Baraza ni sehemu ya barabara, kwa kuwa Baraza ni moja. Kinyanjui akasema maua ni maua. Namalwa akasema, "Ameacha njia, Baba Selpher."

Basi. Ni chuma tu, najua. Lakini ni chuma changu, na ndicho kitu pekee nilichowahi kukitengeneza kwa mikono yangu. Nikautoa ufunguo mfukoni. Kinyanjui akanyoosha mkono, na kwa haki niseme, hakutabasamu.

Ndipo Mama Mkwe akamwita Namalwa kando. Namalwa akarudi na ujumbe. Mama anasema: amemtaja mkwe wake kwa jina, na mkwe amemwona uso. Haya imekwisha vunjika barabarani mbele ya polisi. Kwa hiyo zawadi ya kuondoa haya inadaiwa leo, si kesho. Na kwa kuwa mkwe ameichelewesha, atakayeichagua ni yeye mama.

Anachagua gari.

Mama akaongeza, kupitia kwa Namalwa, kwamba kila mavuno mahindi yake huko nyumbani Kimilili huozea shambani kwa kukosa cha kubebea. Kisha, kwamba tangu walipomzika mumewe, Baba Namalwa, hajacheka mpaka mbavu zimuume, na kitu kilichomchekesha namna ile hakiwezi kulazwa kuku. Zawadi ya mkwe haikataliwi. Hata Kinyanjui analijua hilo, kwao pia wapo wakwe. Akabeba matenga yake, akarudi.

Halafu Mama Mkwe akaja mwenyewe. Hakutuma mtu. Akanipa mkono, mkono mdogo, mkavu, wa jembe. Akaniita mwanangu.

Nimelia. Ninaandika hivyo kwa kuwa Isaiah aliona na hawezi kunyamaza.

Alhamisi, 20 Mei

Kesho alfajiri tunamrudisha Mama nyumbani, na Subira anakwenda kukaa. Wote. Namalwa, Selpher, kuku aliyepona, na Isaiah, ambaye ameiacha Anglia nyumbani kwake ili aje kuona kama nitafika.

Nyumba imekuwa na raha juma hili. Mama ananisemesha waziwazi. Jana aliniuliza Subira alitengenezwa na nani, nikasema mimi. Akasema, "Vyema." Neno hilo. Nililala nalo.

Kwa hiyo leo nimefikiri. Mtu humpaje mama mkwe zawadi yenye ufundi wa mwingine? Mle ndani mna mkono wa Balwant, na vipande vya Balwant. Watu wa Kimilili wakiuliza, niseme nini? Mchana nimeingia chini, nimetoa vile vipande, nimeupindua mkono ukarudi nilivyouweka mimi. Ukaingia kama mara ya kwanza. Hatari hakuna, nimeshafuzu. Na kule mzungukoni, ni nani aliyejinyoosha mwenyewe bila kushikwa? Chuma nilichokiboresha mimi. Balwant alikaza tu.

Kioo nacho nimekirudisha mahali pake. Sasa naruhusiwa kumwona.

Breki nitazianza tukifika. Breki za kawaida ni za watu waoga.

Kinyanjui amemaliza uzio wake jioni hii. Safari hii ametumia mawe, na amepaka chokaa. Nimempongeza. Tumeagana vizuri sana.

Isaiah amepita baada ya chakula. Amekuwa mnyenyekevu, siku hizi ananiita shemeji mbele za watu. Amekutana na Balwant mjini, akahakikishiwa kwamba usukani wa Subira sasa umenyooka hata mtoto aweze. Ameniomba, kwa kuwa viwiko vyangu bado vimevimba, yeye ndiye amtoe Subira langoni alfajiri na kuendesha mpaka Limuru. Mimi niketi nyuma na Mama, tuzungumze. Nimeguswa. Nimempa ufunguo.

Kuna jambo nilikuwa nimwambie kuhusu usukani, limenitoka. Nitalikumbuka asubuhi.